Diploma Mpya Mkononi, Mvi Kichwani

Kila mwaka, majira ya kutoa diploma yanapofika, watu wa namna mbili hutujia parokiani kuomba ushauri. Wa kwanza ni kijana wa miaka 23. Suti ameiazima kwa kaka yake, mama yake bado anapiga vigelegele, na wenzake wanamzunguka wakicheka. Wa pili huja peke yake, jioni, baada ya watu kutawanyika. Ana miaka 38, pengine 42. Ana mke na watoto, ana kazi ya zamani iliyomchosha au iliyomtupa, na ndani ya bahasha ya kaki amebeba diploma ya elimu ya kompyuta aliyoitafuta kwa masomo ya jioni, miaka mitano au sita. Huuliza swali moja tu, kwa sauti ya chini: "Mwalimu, nani atanichukua sasa?"

Leo tunataka kusema juu ya huyu wa pili. Mtajiuliza: sisi ni vijana, mambo ya wenye mvi yanatuhusu nini? Yanawahusu kwa sababu tatu. Ya kwanza, huyo ni baba yenu, ni shangazi yenu, ni jirani anayewalipia mshumaa wa Krismasi. Ya pili, katika nchi yetu masomo hayaendi kwa njia iliyonyooka. Mwaka mmoja ada inakosekana, mwaka wa pili mzazi anaugua, mwaka wa tatu walimu wanagoma. Na kijana aliyepaswa kumaliza chuo angali kijana anashika koleo kwenye machimbo, kisha anarudi darasani akiwa na miaka 30. Wengi wenu mnaosoma maneno haya mtakuwa huyu wa pili. Ya tatu, inatuuma kuitaja: tumewasikia mkimcheka. Mlimpa jina, "papa wa kompyuta", na yeye alilisikia.

Maoni yetu ni haya. Mtu anayeingia katika kazi ya programu za kompyuta akiwa katikati ya maisha asijifanye kijana. Ajitayarishe kama mtu mzima: aonyeshe alikotoka, ajenge kitu kinachofanya kazi, na apeleke maombi yake mahali ambapo huko alikotoka kuna thamani. Nasi tulio parokiani tunalo deni kwake, ambalo tutalitaja mwishoni.

Tuanze kwa kuungama kosa letu wenyewe, maana mwalimu asiyekiri kosa hana haki ya kusahihisha daftari la mwingine. Ndugu mmoja wa jumuiya yetu, ambaye hatutamtaja jina, alifanya kazi miaka 14 katika ghala la vipuri la kampuni mojawapo inayohudumia migodi. Aliandika matairi, mikanda, pampu na boliti. Alijua kila rafu kama anavyojua nyumba yake. Usiku alisoma. Alipopata diploma alituletea wasifu wake wa kazi tuusahihishe. Nasi, kwa kalamu nyekundu na kwa ujasiri wa watu waliozoea kuonwa kuwa wenye hekima, tulimwambia: "Ndugu, ghala liondoe. Unatafuta kazi ya programu, si ya kuhesabu matairi. Weka masomo juu, na mwaka wa kuzaliwa usiuandike." Ukawa ukurasa mmoja, safi, mwepesi, kama wa mtoto aliyetoka shuleni jana.

Alipeleka barua zaidi ya 30. Kimya. Mara moja tu aliitwa. Waliomhoji walitazama uso wake, wakatazama karatasi, wakauliza: "Miaka hii yote ulikuwa wapi?" Hakuwa amejitayarisha kujibu swali hilo, maana sisi tulimwambia halitaulizwa. Alibabaika, nao wakadhani anaficha jambo baya. Aliporudi kwetu hakukasirika. Alisema tu: "Mwalimu, mlinifundisha kujificha, nami nilijificha vizuri hata hawakuniona."

Maneno hayo tumeyabeba moyoni tangu siku ile. Wazee walisema mwacha asili ni mtumwa, nasi tulidhani methali hiyo ni ya mila na ya lugha tu. Kumbe ni ya wasifu wa kazi pia.

Wala kubadili kazi katikati ya maisha si jambo jipya kwetu. Mji wa Kolwezi ulianzishwa mwaka 1937 na Union Minière kwa ajili ya shaba, na baada ya mali za kampuni hiyo kutaifishwa mwaka 1967, Gécamines ikawa baba na mama wa mji: ilitoa mshahara, nyumba, shule, hospitali na unga. Mwaka 1986 ilitoa shaba zaidi ya tani 470,000. Kisha, Septemba 1990, sehemu ya mgodi wa chini ya ardhi wa Kamoto iliporomoka, na mambo mengi mengine yakaporomoka pamoja nayo. Kufikia mwaka 1994 uzalishaji ulikuwa chini ya tani 50,000. Miaka ya 2003 na 2004, kwa mpango uliosaidiwa na Benki ya Dunia, wafanyakazi zaidi ya 10,000 wa Gécamines walipewa malipo ya mwisho na kuondoka, wakiitwa watu walioondoka kwa hiari. Waulizeni babu zenu kama ilikuwa hiari.

Sisi tulikuwa walimu vijana wakati ule, na tuliwaona watu hao wakitawanyika. Fundi wa umeme wa miaka 45 alinunua basi dogo ambalo hakujua kulitengeneza. Mwaka haukuisha, basi likasimama juu ya mawe. Mwingine, fundi wa umeme vilevile, alifungua kibanda cha kutengeneza injini za mashine za kusagia unga, na watoto wake wamesoma. Wote wawili walibadili maisha, lakini mmoja aliuacha ujuzi wake mlangoni mwa kampuni, na mwingine aliuchukua akatoka nao. Ndilo somo tunalotaka mlishike kabla hatujaingia katika mambo ya kompyuta.

Sasa, kazi ya programu iko wapi katika Lualaba? Kijana akisikia neno hilo huona jengo la vioo huko ng'ambo, watu wamekaa juu ya viti vya rangi wakinywa kahawa. Akitafuta jengo hilo hapa Kolwezi halioni, akasema kazi haipo. Lakini fuateni lori moja la madini siku moja tu. Linapita juu ya mizani: mizani inaandika namba. Sampuli inakwenda maabara: maabara inaandika kiwango cha shaba na cha kobalti. Mafuta yanaingia tangini, tairi linatoka ghalani, dereva anabadilishana zamu na mwenzake, mshahara unahesabiwa, hati za forodha zinatayarishwa kwa safari ya Kasumbalesa au kwa reli ya Lobito inayopitia Dilolo. Kila hatua inaacha data, na kila data inahitaji mtu wa kuitunza, kuiunganisha na nyingine, na kugundua inaposema uongo. Ongezeni mabenki, kampuni za simu na huduma zao za kutuma pesa, hospitali zenye faili za wagonjwa, shule zenye ada za wanafunzi 1,000 katika daftari moja lililochanika. Kazi ipo. Haijaandikwa mlangoni "kazi ya programu", ndiyo maana wengi wanaipita.

Tena ipo mara nyingi katika kampuni ndogo zinazopewa sehemu ya kazi na kampuni kubwa. Sheria ya tarehe 8 Februari 2017 imeiweka kazi hiyo mikononi mwa kampuni ambazo mtaji wake kwa sehemu kubwa ni wa Wakongomani. Usafiri, chakula, ulinzi, matengenezo, vipuri: kampuni hizo hukua haraka, na hesabu zao hukua haraka kuliko watu wao. Wengi wanatunza bidhaa za maelfu ya dola katika jedwali moja la kompyuta ambalo mtu mmoja tu analielewa, na mtu huyo akiugua malaria kazi inasimama. Mhitimu mwenye miaka 40, aliyewahi kusimama ghalani au ofisini, anajua kishindo cha siku hiyo. Huko ndiko apeleke barua yake ya kwanza.

Lakini asifunge maisha yake kwa madini peke yake. Nchi yetu hutoa takriban asilimia 70 ya kobalti ya dunia, na bado bei ya kobalti haituulizi maoni. Mwishoni mwa mwaka 2019 mgodi wa Mutanda, uliokuwa miongoni mwa migodi mikubwa kabisa ya kobalti duniani, ulisimamishwa, ukarudi kazini mwaka 2021. Februari 2025 serikali ilisimamisha usafirishaji wa kobalti kwenda nje, na kuanzia Oktoba mwaka huohuo ikaweka mgawo kwa kila kampuni. Kila mara upepo unapogeuka hivi, wa mikataba mifupi huondoka kwanza. Basi mwenye kujifunza kutunza data ajifunze ujuzi unaoweza kuvuka kutoka mgodini kwenda benki, na kutoka benki kwenda hospitali. Ghala la dawa na ghala la matairi vina hesabu ya namna moja.

Ajitayarisheje? Tutasema kwa utaratibu, kama tunavyopanga somo.

Kwanza, achague machache. Tumewaona wahitimu wenye vyeti 12 vya intaneti, kila kimoja cha lugha nyingine ya kompyuta, na hakuna hata programu moja waliyoimaliza. Hiyo ni sawa na mtu aliyeonja vyungu vyote akalala na njaa. Kwa mazingira yetu tunaona mambo manne yanatosha kuanza: majedwali ya hesabu, ayajue kwa undani, SQL, lugha ya kuuliza hifadhidata, iliyozaliwa miaka ya 1970 na hata leo inashika sehemu kubwa ya data za makampuni, lugha moja ya programu, kwa mfano Python, na Git, chombo cha kutunza historia ya kila badiliko la msimbo, ili akikosea aweze kurudi nyuma. Juu ya hayo, Kifaransa safi cha kuandikia ripoti na Kiingereza cha kusomea maelezo, maana maelezo mengi ya kazi hii yameandikwa kwa Kiingereza. Na mwenye kujua Kichina kidogo hapa Kolwezi hatajuta.

Pili, ajenge kitu kimoja cha kweli kutokana na kazi yake ya zamani. Tuwasimulie alichofanya yule ndugu baada ya kushindwa kwa ushauri wetu. Alikaa miezi minne, akatengeneza programu ndogo ya ghala. Ilikuwa na majedwali matatu tu: vitu, watu, na miamala ya kuingia na kutoka. Kijana yeyote wa mwaka wa pili angeweza kuitengeneza. Lakini ndugu huyu alijua jambo ambalo kijana hakulijua: kwamba hesabu ya ghala huharibika saa ya kubadilishana zamu. Usiku mashine inakufa, fundi anakuja mbio, anachukua kipuri kwa kikaratasi kilichoandikwa kwa mkono; asubuhi mtu mwingine anakiingiza kikaratasi hicho kwa namba isiyo yake, au hakiingizi kabisa. Mwisho wa mwezi rafu inasema 6 na kompyuta inasema 9, na mlinzi asiye na kosa anafukuzwa kwa wizi. Ndugu yetu alimwona mlinzi wa namna hiyo akifukuzwa. Kwa hiyo programu yake ilidai mambo mawili kila kitu kinapotoka: jina la anayepokea na zamu iliyopo. Na kila asubuhi ilionyesha orodha ya vilivyotoka usiku bila kuthibitishwa, ili watu waulizane mapema, kabla ya kushtakiana.

Vijana wapendwa, hiyo ndiyo thamani ya mvi. Msimbo wake ulikuwa wa kawaida, bali swali lake lilikuwa limepikwa miaka 14.

Tatu, aandike wasifu wa kweli. Kazi ya zamani iwekwe juu, si kwa aibu, na iandikwe kwa lugha ya kazi mpya. Asiandike "nilikuwa mtunza ghala". Aandike alitunza aina ngapi za vipuri, alisahihisha makosa gani, na sasa anaweza kuyazuia kwa njia gani. Aliyekuwa mwalimu aandike kwamba amezoea kueleza jambo gumu kwa watu 50 wasiotaka kusikiliza, maana anayeleta programu mpya ofisini atakutana na watu hao. Aliyekuwa muuguzi, aliyekuwa karani wa mizani, aliyekuwa dereva, kila mmoja ana sentensi yake. Na lile swali, "Miaka hii yote ulikuwa wapi?", alitayarishe jibu kwa sauti, mbele ya kioo na mbele ya rafiki, mpaka litoke bila kubabaika: "Nilikuwa mahali ambapo tatizo lenu linazaliwa."

Nne, asiache kazi aliyonayo kabla ya wakati, na asipange peke yake. Akae na mwenzi wake wa ndoa, waandike ada ya watoto, kodi ya nyumba, chakula na gharama ya intaneti, wajue wanaweza kuvumilia miezi mingapi kama mshahara wa mwanzo utakuwa mdogo. Maana huenda ukawa mdogo. Atasimamiwa na mtu aliyezaliwa mwaka ambao yeye alipata kipaimara. Akubali bila kinyongo. Lakini asikubali kazi isiyo na maandishi. Sheria ya Kazi ya tarehe 16 Oktoba 2002 inataka mkataba uandikwe. Unyenyekevu ni fadhila, lakini kufanya kazi miezi mitatu "kwa majaribio" bila karatasi na bila faranga siyo fadhila.

Tano, ajue kusoma gizani. Tunaishi karibu na Mto Lualaba, karibu na mabwawa ya umeme ya Nzilo na Nseke, na bado mara nyingi jioni zetu ni za mshumaa. Kwa hiyo asitegemee intaneti iwepo kila anapotaka kusoma. Maelezo rasmi ya Python yanaweza kupakuliwa yote yakasomwa bila mtandao. Programu ya Kiwix inaweza kubeba Wikipedia na maktaba nyingine ndani ya simu au kompyuta. Mara moja kwa juma apate mtandao mzuri, apakue, kisha juma zima asome kwa betri. Anayejua kufanya kazi hivyo atawatengenezea watu wa hapa programu isiyokufa mtandao unapokatika, na huo ni ujuzi ambao mtu wa jengo la vioo hana.

Tunazisikia hoja za wanaopinga. Wanasema: "Mwalimu, haya yote ni bure, kazi hapa ni kwa kujuana." Hatutawadanganya: kujuana kupo, na kumewaumiza wanaostahili. Lakini kuna kujuana kwa aina mbili. Kuna kule kwa mjomba anayekuingiza mahali usipostahili. Na kuna kule kwa watu walioona kazi ya mikono yako wakaitaja mbele ya wengine. Aina ya pili ni ushuhuda, na mtu wa miaka 40 anao mashahidi wengi kuliko kijana. Msimamizi wa zamani, dereva aliyekuwa akipokea vipuri, mhasibu aliyesumbuliwa na hesabu zisizolingana: hao wote ajulishwe kila mmoja, kwa adabu, kwamba sasa anafanya kazi gani. Asiombe kazi. Aombe dakika 10 za kuonyesha alichojenga.

Wengine wanasema: "Akili bandia inaandika msimbo wenyewe, kazi hii imekwisha." Ni kweli kwamba mashine sasa inaandika kwa sekunde chache kile ambacho mwanafunzi alikiandika kwa juma. Lakini hata kabla ya mashine hizo, soko lilikuwa limeanza kuwafungia mlango wanaoanza bila uzoefu. Kampuni ya Andela, iliyoanza mwaka 2014 kuwafunza vijana wa Afrika kazi hii, iliwaachisha mamia kati yao Septemba 2019 katika Nigeria, Uganda na Kenya, kwa kuwa wateja walitaka waliokomaa. Kinachoshuka bei ni kuandika msimbo bila kujua ni wa nini. Kinachobaki ghali ni kujua tatizo, kuuliza sawasawa, na kutambua jibu la mashine linapokuwa na kasoro. Baba Mtakatifu Leo XIV, muda mfupi baada ya kuchaguliwa Mei 2025, alieleza kwamba alichukua jina la Leo akimkumbuka Leo XIII, aliyetetea wafanyakazi katika mapinduzi ya viwanda kwa barua yake ya mwaka 1891, maana sasa akili bandia inaleta maswali mapya juu ya heshima ya kazi. Kwa hiyo anayeingia katika kazi hii leo asiingie kama mtumishi wa mashine. Aingie kama mtu anayejua kwamba nyuma ya kila namba ya ghala kuna mlinzi anayeweza kufukuzwa bila kosa.

Na kwa wale wanaosema umri umepita, tunawataja mwalimu mwenzetu. Grace Hopper wa Marekani alikuwa akifundisha hisabati chuoni. Alipopelekwa kufanya kazi kwenye mashine mojawapo ya kwanza za kukokotoa, mwaka 1944, alikuwa na miaka 37. Alikuwa na zaidi ya miaka 45 kazi yake ilipofungua njia ya COBOL, lugha ambayo mabenki mengi bado yanaitumia. Aliyezoea kufundisha ndiye aliyeona kwamba watu wa ofisini hawawezi kuandika maagizo kwa namba tupu, akataka kompyuta ielewe maneno.

Tuseme pia neno la onyo. Penye shida hutokea wauzaji. Wapo wanaouza nafasi za kazi, wanaodai pesa za "kufungua faili", wanaoahidi kazi ya nje kwa simu kisha wanaomba ada ya mafunzo, wanaouza hata diploma. Mtu wa makamo ndiye windo lao zuri, kwa sababu ana akiba kidogo na ana haraka nyingi. Kanuni yetu ni fupi: mwajiri hulipa mfanyakazi, anayetaka mfanyakazi amlipe yeye kwanza si mwajiri. Ukisikia mzazi wako anakwenda kukopa ili anunue nafasi, mzuie kwa upendo, hata kama atakukasirikia.

Sasa tunafika kwenye deni letu. Parokia yetu ina ukumbi unaokaa mtupu siku nyingi za juma. Baadhi yenu mna kompyuta, baadhi mnasoma Chuo Kikuu cha Kolwezi au mmepita kwa Wasalesiani wa ESIS Salama kule Lubumbashi. Tunaomba jambo dogo: Jumamosi moja kila mwezi, saa tatu tu. Saa ya kwanza kijana amfundishe mkubwa: Git, SQL, jinsi ya kutafuta kosa katika msimbo. Saa ya pili mkubwa amfundishe kijana: ripoti ya zamu huandikwaje, mkubwa wa kazi husemeshwaje anapokasirika, kwa nini hesabu hazilingani. Saa ya tatu tufanye mahojiano ya mfano, wengine wakikaa mezani kama waajiri, na tuulizane maswali magumu kabla mgeni hajayauliza. Haigharimu zaidi ya chai na mafuta ya jenereta. Na lile jina la utani tuliache, au kama ni lazima liwepo, tuliseme kwa heshima.

Mtataka kujua mwisho wa yule ndugu. Hakupata jengo la vioo. Dereva mmoja aliyekuwa akipokea vipuri kwake alimtaja kwa mkubwa wake. Akaitwa, akaonyesha programu yake kwa dakika 10, akaulizwa miaka ile alikuwa wapi, akajibu. Alipewa mkataba wa miezi sita kutunza data za ghala katika kampuni ndogo ya usafiri, kwa mshahara uliozidi kidogo ule wa zamani. Miezi sita si milele, naye anajua. Lakini juzi alitujia tena jioni, bila bahasha. Alituambia kwamba juma lile orodha ya asubuhi ilionyesha pampu moja iliyotoka usiku bila kuthibitishwa. Wakaulizana, ikaonekana kwenye karakana kabla ya saa nne, na hakuna mlinzi aliyeitwa ofisini.

Katika Injili wako waliosimama sokoni hadi saa ya kumi na moja. Walipoulizwa kwa nini, walijibu kwamba hakuna aliyewaajiri. Mara nyingi tumehubiri juu ya ukarimu wa mwenye shamba, na ni haki. Lakini tuwatazame na wao: saa ile ya jioni bado walikuwa sokoni, hawajarudi nyumbani. Basi ukimwona Jumapili ijayo, yule mwenye diploma mpya na mvi kichwani, usipite. Mwambie: "Papa, Jumamosi tuko ukumbini. Njoo na kazi yako tuione."